Siku Mjomba Alipotaka Kukisoma Kichwa Changu

Mjukuu wangu anayesoma chuo alinieleza likizo iliyopita kwamba siku hizi kuna waya mwembamba unaopandikizwa ubongoni, na mtu aliyepooza, asiyeweza kuinua hata kijiko, anaandika barua kwa kuwaza tu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo, kwa moyo wote. Kisha nikauliza: akishamaliza barua yake, huo waya unanyamaza au unaendelea kusikiliza? Mjukuu akacheka, akasema bibi umeuliza jambo ambalo wataalamu wenyewe bado wanabishania. Nikamwambia mimi si mtaalamu, ila niliwahi kuvishwa mashine ya kusoma mawazo, tena sebuleni kwetu Isingiro, mbele ya wakwe. Akanitazama kwa huruma, akadhani uzee umeniingia vibaya.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mwisho. Baba alikuwa ameshafariki, kaka zangu wawili walikuwa wameoa na kuhamia Mabira, na nyumbani tulibaki mama na mimi, na migomba, na kahawa, na mbuzi watatu wasio na adabu. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba na kuendelea na kazi, na wewe unabaki hapo hujui kama umekaribishwa au umefukuzwa. Mimi nilijua. Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja tangu baba aondoke.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa kinyume chake kabisa. Mama ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, na nadhani maneno yote ambayo mama hakuyasema yalimwangukia yeye. Wakati wa vita alikuwa mgambo wa kubeba mizigo, lakini ukimsikiliza alivyosimulia ungeshangaa kwa nini majenerali walihangaika kwenda. Alirudi na kisanduku cha chuma chenye rangi ya majani makavu. Mbele kilikuwa na kioo cha duara, ndani ya kioo kuna mshale mwembamba, na nyuma ulitoka waya mrefu ulioishia kwenye hedifoni kubwa za kufunika masikio yote mawili. Alikipata wapi? Kila aliyeuliza alipewa jibu lake mwenyewe. Leo naamini yalikuwa mabaki ya redio iliyokufa. Mjomba alikitia betri za tochi, mshale ukatetemeka, na kuanzia siku hiyo akatangaza kwamba kazi ya chombo kile ni kupima mawazo. Uongo ukipita kichwani mshale unaruka, ukipita ukweli mshale unalala.

Naomba usitucheke. Sisi tulikuwa tumetoka kuona ndege za vita zikipita juu ya migomba yetu. Baada ya hayo, kisanduku cha kusikia mawazo hakikuonekana jambo la ajabu sana.

Kazi ikaanza. Mbuzi wamekula maharage ya jirani, mjomba anaitwa. Kuku ametoweka, mjomba anaitwa. Mara nyingi mtuhumiwa alikiri akiwa bado njiani, kabla hata ya kuvishwa, kwa hiyo sifa za mashine zikapanda. Na watu nao wakaanza kujilinda. Wanawake walijifunga vitambaa viwili kichwani, cha pili kikiwa cha kuzuia mawazo yasivuje. Mzee mmoja wa kanisa alishonea majani makavu ya mgomba ndani ya kofia yake, na kila alipoinama kusali tukasikia kichwa kinachakarika. Wengine walisema dawa ni akamwani, yaani zile kahawa tunazochemsha na kukausha ili wageni watafune. Ukiwa unatafuna, walisema, mashine inasikia meno tu. Kwa miezi kadhaa hapakuwa na mtu aliyekuja kumtembelea mjomba bila shavu moja kuvimba.

Mimi niligundua siri ya mashine msimu wa senene, wale panzi wa kijani tunaowala. Mama mmoja wa jirani alikuwa amejaza chungu cha senene waliokaushwa, amemwekea mumewe. Asubuhi chungu kikakutwa nusu. Mume akafoka, akasema hawezi kulala nyumba moja na mlafi, wakaja kwa mjomba. Mama wa watu akavishwa hedifoni. "Umekula senene?" Akatikisa kichwa kwa nguvu zote: "Sikula! Mawe, mama yangu, sikula mimi!" Na mshale ukaruka mpaka mwisho wa kioo. Watu wakaguna. Yule mama, akilia, akadai mumewe naye avishwe. Akavishwa. Alikuwa kwenye rubisi tangu jana yake, na pombe ile ya ndizi ikimkolea mtu hukaa kama gogo. Aliulizwa, akasema hapana bila kusogeza hata kope, na mshale haukutikisika. Akatangazwa msafi, huku bawa la senene limemng'ang'ania ndevuni.

Nililiona lile bawa. Na niliona jambo jingine, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimekishika kisanduku mapajani, mjomba akiwa amenifanya msaidizi wake. Redio ya marehemu baba ilikuwa na waya uliolegea kwenye betri, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuchezea kila jioni ili mama asikie salamu. Ule wa mjomba ulilegea vilevile. Mtu akitikisa kichwa, anauvuta waya, waya unagusa, mshale unaruka. Basi. Kwetu mtu aliyeonewa hakatai kwa mdomo tu, anakataa kwa kichwa na mabega na mikono yote miwili, na kadiri alivyokuwa hana hatia ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo.

Sikumwambia mtu. Nikisema nilimhurumia mjomba nitakuwa nasema nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuwa mtu pekee Isingiro asiyeiogopa mashine, maana nami nilikuwa na jambo kichwani.

Jambo lenyewe lilikuwa fundi baiskeli kutoka Nyakasimbi. Alikuja kwetu kila siku ya gulio, anatandika gunia chini, anapanga spana zake, na mimi nilikuwa nikisukuma baiskeli ya marehemu baba yenye mikungu ya ndizi za kuuza. Mnyororo wa baiskeli ile ulikuwa na ugonjwa wa kutoka kila ukifika mita ishirini kutoka kwenye lile gunia. Yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini. Aliurudisha taratibu sana, taratibu kuliko ilivyohitajika, na tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza mvua mwaka mzima. Hatimaye akamtuma mshenga, wazee wakakaa, mambo yakakubalika, na siku ya kuagwa kwangu ikapangwa.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na naomba wasomaji wa mijini wanielewe. Kwetu bibi harusi hafurahi. Anaruhusiwa kufurahi akishafika kwa mumewe, tena baada ya siku chache, lakini siku ya kuagwa lazima alie. Anakaa mkekani, kanga imemfunika uso, analia kwa sababu anamwacha mama yake. Asiyelia husemwa mpaka wajukuu: yule alitoka kwao akikenua, hakuwapenda. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuja wiki nzima kabla kunifundisha. "Unaanza polepole," aliniambia. "Mabega kwanza. Sauti baadaye. Usimalize machozi yote kabla wageni hawajala."

Na mimi nilikuwa na furaha. Nasema wazi sasa kwa kuwa waliohusika wengi wamelala. Nilikuwa na furaha mpaka ngozi inaniwasha. Nilikuwa nikiamka alfajiri nikiwaza nyumba ya bati ndogo Nyakasimbi na mtu mwenye grisi kwenye kucha, kisha nageuka upande wa pili, namwona mama amelala, naona aibu kubwa. Angebaki peke yake. Nani angemsukumia baiskeli? Nani angemchezea waya wa redio? Nilimpenda mama, na nilitaka kuondoka kesho, na mambo hayo mawili yaliishi kichwani mwangu pamoja kama mbuzi na kuku kwenye banda moja, yanagombana lakini hayauani. Kilichonitisha ni kitu kimoja tu: mama asije akajua kwamba naondoka nikiwa na furaha. Nilihisi ingekuwa kama kumpiga kofi.

Siku ikafika. Sakafu ilikuwa imetandazwa nyasi mbichi, nyumba inanukia, bitoke, zile ndizi zetu za kupika, vimeiva, na rubisi ilikuwepo ingawa mchungaji alikuwepo pia. Walutheri wa kwetu wakati ule tulijua kuelekeza macho pengine. Wageni wa Nyakasimbi wakaingia, akamwani zikazungushwa, wakatafuna. Mimi nilikuwa mkekani chini ya miguu ya mama, kanga usoni, mabega nimeshayaanza kama nilivyofundishwa. Machozi, hakuna. Nilijaribu kumfikiria baba, nikakumbuka alivyokuwa akicheka. Nilijaribu kufikiria mauti, nikamwona fundi baiskeli.

Utani ukaanza, kama ilivyo desturi. Wakwe wanasema binti wenu mwembamba, sisi tunasema kijana wenu ananuka mafuta ya mnyororo. Kisha shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akasimama.

"Waitu, wenyeji wetu," alisema, "sisi Nyakasimbi tumesikia mna mashine ya kusoma mawazo. Basi binti avishwe! Tujue kama anatutaka, au tunabeba kiwiliwili na moyo tunauacha Isingiro."

Nyumba nzima ikacheka na kupiga makofi. Ulikuwa utani tu, na kama angekuwa mjomba wa mtu mwingine ungeishia hapo. Lakini mjomba wangu alikuwa ameshaingia chumbani. Mashine ilikuwa imesuguliwa kwa majivu tangu asubuhi, inang'aa; alikuwa akisubiri tu aitwe.

Akanivisha hedifoni juu ya kanga. Zilinuka mafuta ya nywele ya kijiji kizima. Nje ya masikio kelele zikawa za mbali, nikabaki nasikia damu yangu mwenyewe ikipiga.

"Mwanangu," mjomba akasema kwa sauti ya hakimu, "sema mbele ya watu. Unataka kwenda na hawa?"

Sasa piga hesabu nami. Nikisema ndiyo huku nimetulia, mshale unalala: ni kweli, anataka kwenda, na mama yuko nyuma yangu anasikia. Nikisema ndiyo huku nikitingishika kwa kilio cha shangazi, mshale unaruka: mwongo, hawataki, na wakwe wanabeba vikapu vyao wanarudi Nyakasimbi na fundi wangu. Nikisema hapana, sitaki hata kuiwaza. Mimi niliyejigamba kwamba naijua siri ya mashine, nilikuwa nimekamatwa nayo kuliko mtu yeyote. Kujua kwamba ni uongo hakukunisaidia kitu, maana waliokaa pale hawakujua.

Shingo ikaniuma kwa kuishikilia.

"Mwanangu, tunasubiri," mjomba akasema. Kicheko kilikuwa kinapungua. Nikamsikia mtu wa upande wa wakwe akikohoa kikohozi cha kuuliza. Chini ya ncha ya kanga niliona viatu vya bwana harusi, vimepakwa rangi upya, kimoja kimemkanyaga mwenzake.

Ndipo mama akasimama. Mjane siku ya kuagwa kwa binti yake hasimami wala hasemi. Wanaume wanasema, shangazi anasema, yeye anakaa. Akainama, akanivua hedifoni kwa mikono miwili taratibu, vile anavyoepua chungu kisimwagike, akajivisha mwenyewe juu ya kilemba chake.

"Niulize mimi," akamwambia mdogo wake.

"Dada, lakini wewe si..."

"Niulize. Huyu nilikaa naye tumboni miezi tisa na sikumuuliza anawaza nini. Wewe una haraka gani?"

Watu wakaanza kucheka tena, kidogo kidogo. Mjomba akaanza kukipangusa kioo kwa kidole. Mtu aliyekufuta makamasi utamuuliza swali gani mbele ya watu? Nikachungulia chini ya kanga: mama alisimama akimsubiri, ametulia kabisa, na mshale nao umetulia. Sijawahi kuuona umetulia vile.

"Huna swali?" mama akasema. Akazivua, akamvisha yeye. "Basi sisi tunalo. Wakati wa vita ulibeba bunduki, au ulibeba masufuria?"

"Bunduki!" mjomba akasema, na kwa kuwa naye alikuwa mtu wa kwetu, alilisema kwa kichwa na mabega na mikono yote miwili. Mshale ukaruka, ukagonga mwisho wa kioo, ukakwama hukohuko. Nyumba ililipuka. Mchungaji alilazimika kutoka nje. Shangazi mnene wa Nyakasimbi aliketi chini kwenye nyasi na kujifuta macho, na mjomba mwenyewe, Mungu ampumzishe, alicheka kuliko wote, hedifoni zikiwa zimemkaa upande.

Kelele zilipopungua mama akawageukia wageni. "Wakwe zangu," alisema, "nawapa mtoto anayejua kulima, anayejua kupika, anayesema kweli akiulizwa vizuri. Ya kichwani mwake ataondoka nayo mwenyewe. Atakayowaambia ndiyo yenu."

Akakaa. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa.

Nami nikalia. Sikuanza na mabega, wala sikukumbuka somo hata moja. Nililia mpaka kanga ikalowa, mpaka kamasi zikanitoka, mpaka shangazi akanidunga kwa kidole ubavuni akininong'oneza, "Basi, imetosha, watadhani tumekupiga." Wakwe waliridhika sana. Walisema hawajaona binti anayempenda mama yake namna ile, na ilikuwa kweli. Na nilikuwa bado nina furaha yangu yote, nzima, haikupungua hata kidogo, wala hakuna aliyeigusa.

Mashine haikuita mtu tena baada ya siku ile. Mjomba alizing'oa zile betri akazitia kwenye tochi. Vitambaa vya pili vikarudi kazi yake ya kufuta mikono, na mzee wa kanisa akawa anasali kimya kama zamani.

Kule Nyakasimbi tulikaa vizuri, fundi wangu na mimi, na habari za mvua hatukuzimaliza. Nilikuwa narudi kumwona mama kila nilipoweza, mtoto mgongoni, baadaye watoto wawili wakinitangulia njiani. Haikupungua miaka kumi kabla sijapata ujasiri wa kuuliza. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka.

"Mama," nikasema, "siku ile ya kuagwa. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba nilikuwa na furaha."

Akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitumbukiza kwenye maji. "Wiki tatu kabla ulianza kuimba ukifagia," alisema. "Tena ulikuwa huijui hata sauti ya pili. Ningekosaje kujua?"

Nikahisi uso unawaka kama msichana. "Haikukuuma?"

"Mimi ni mama yako. Ya kwako nayajua kwa kuishi nawe. Sikutaka wale wote wayajue kwa kisanduku."

Tukaendelea kumenya. Kilichobaki kilikuwa kinaniwasha ulimini, na nikashindwa kukizuia. "Na wewe, mama, uliposimama pale umevaa zile hedifoni, ulikuwa unawaza nini?"

Akanitazama. Kulikuwa na kicheko machoni, na kulikuwa na kitu kingine nyuma ya kicheko ambacho sikuwahi kukiona.

"Hilo ni langu," alisema, akachukua ndizi nyingine.

Ningetoa mbuzi wangu wote kulijua. Nilikuwa binti yake, nimelala naye chumba kimoja miaka yote ile, nilijiona nina haki. Lakini sikuuliza tena, siku hiyo wala nyingine. Alifariki miaka michache baadaye, akalala nalo. Kaka zangu husema bila shaka alikuwa na huzuni ya kubaki peke yake. Shangazi alikuwa akisema hapana, alifurahi, aliwaza siku alipotoka kwao yeye mwenyewe. Mimi wakiniuliza huwajibu kwamba sijui, na wala sitaki mtu anisaidie kujua.